1928: Kiunguja Baina ya Kamati na Santuri

Mwaka 1928 Kiunguja kilifikwa na mambo mawili makubwa, na yote mawili yalitendeka nje ya Unguja. Mjini Mombasa, wajumbe wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki walikutana wakakubaliana kwamba lahaja ya mjini Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mjini Bombay, ambao leo waitwa Mumbai, mwanamke wa Fumba aliimba kwa lahaja hiyo hiyo mbele ya mitambo ya kunasia sauti ya kampuni ya His Master's Voice. Jambo la kwanza halikosekani katika vitabu vya historia ya lugha. La pili aghalabu hutajwa katika habari za muziki tu, kana kwamba halina nasaba na lile la kwanza.

Uamuzi wa Mombasa ulikuwa na uzito wake, na uchungu wake pia. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji na malenga wengi waliomfuata, kiliwekwa kando ndani ya mji wake wenyewe. Wala kisiwani Unguja si wote waliopata heshima: kilichochaguliwa ni Kiunguja cha mjini, si Kimakunduchi wala Kitumbatu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikashika kazi ya tahajia, kamusi na vitabu vya skuli. Ilianza kazi hiyo bila ya Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wajumbe wake.

Yule mwanamke wa Fumba ni Siti binti Saad. Alizaliwa yapata mwaka 1880, utumwa ungali halali Unguja, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikulia katika ufinyanzi. Vyungu alivibeba hadi mjini, akavinadi kwa sauti yake njia nzima. Kusoma na kuandika hakujua. Alipohamia mjini mwaka 1911 akapata mafundi wa ala waliomfunza uimbaji, naye akahifadhi kila shairi kwa moyo.

Taarabu aliyoikuta ilikuwa na asili ya kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, na ikaimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Mwaka 1905 kikaasisiwa chama cha Ikhwani Safaa, kikaiendeleza. Siti na wenziwe, akina Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruku, ndio walioipa Kiswahili nguvu na kuifikisha Ng'ambo, upande wa mji walikokaa wengi waliotoka utumwani na vizazi vyao.

Huko nyimbo zikabeba mambo ya mtaa: dhuluma, mapenzi, hukumu za mahakama. Wimbo wa "Kijiti" wasimulia mauaji ya mwanamke mgeni, jinsi mwuaji alivyotorokea bara, na jinsi wanawake waliokuja kutoa ushahidi walivyogeuziwa lawama wao. Wasikilizaji wa Ng'ambo waliijua kesi ile. Wimbo ukawa hukumu yao wenyewe juu ya hukumu ya serikali.

Santuri za Bombay zilinunuliwa sana, hata kampuni ikarudia kuwanasa Siti na wenziwe miaka iliyofuata. Zikasambaa mwambao na bara, zikapigwa barazani na mikahawani. Mtu ambaye hakupata kuketi darasani, na ambaye kamusi ya Kamati isingemfikia asilani, alikisikia Kiunguja kikiwa hai, na mizani na mafumbo yake.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mshairi na bwana wa nathari ya Kiswahili sanifu, aliona inafaa kuandika wasifu wake. Alijua kwamba lugha aliyoiandikia vitabu ilikuwa na deni kwa mwimbaji asiyejua herufi.

Deni hilo bado halijalipwa. Historia ya Kiswahili sanifu ingali ikisimuliwa kwa majina ya maofisa na wamisionari, ilhali lugha waliyoiandikia kanuni waliitoa vinywani mwa watu wa Unguja ambao hawakualikwa mkutanoni. Wengi wao hawakuacha hata jina. Siti aliacha sauti, na sahani za santuri huvunjika upesi. Zile zilizosalia zastahili kuhifadhiwa pamoja na kamusi, kwa kuwa nazo ni nyaraka za lugha hiyo hiyo.