Kuhamisha Daftari la Pesa: Historia Fupi ya Sarafu na Mtandao wa Celo

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kuna swali ambalo vijana wa hapa mjini Kakamega huniuliza kila mara: wenye mtandao wa sarafu za kidijitali wakiamua kubadilisha mitambo, pesa yangu inakwenda wapi? Leo nalijibu kwa kisa cha hapa hapa Kenya.

Kwanza tuelewane jambo moja. Sarafu ya kidijitali haikai ndani ya simu yako. Inakaa kwenye daftari. Fikiria chama cha akina mama wa sokoni: mweka hazina ana daftari linaloonyesha nani ana kiasi gani. Blokcheni ni daftari kama hilo, ila nakala zake zinashikwa na kompyuta nyingi, na ukurasa mpya hauandikwi mpaka kompyuta hizo zikubaliane. Kuboresha mtandao, basi, ni kubadilisha daftari au utaratibu wa kuliandika, huku wanachama wakiendelea kununua na kuuza.

Sasa historia. Mwaka 2010, huko Kongowea, Mombasa, Will Ruddick na wenzake walijaribu vocha za karatasi zilizoitwa Eco-Pesa. Mei 2013 ikafuata Bangla-Pesa katika mtaa wa Bangladesh, pia Mombasa. Wazo lilikuwa jepesi. Mama mboga ana sukuma wiki, fundi ana ujuzi, lakini wote wawili hawana shilingi siku hiyo. Vocha inawawezesha kubadilishana sasa na kulipana baadaye. Serikali ilishtuka. Ruddick na watu wengine watano walikamatwa mwezi huo huo wakishukiwa kughushi pesa, na mashtaka yakaondolewa baadaye mwaka huo.

Karatasi ina shida zake: inachakaa, inapotea, na kuihesabu ni kazi. Kwa hiyo mwaka 2018 shirika lao, Grassroots Economics, lilianza kuzipeleka vocha kwenye blokcheni. Ndipo safari ya kuhama ikaanza. Kufikia 2020 Sarafu, kama ilivyoitwa sasa, ilikuwa ikitumia mtandao wa xDai. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 watumiaji wapatao 40,000 walifanya miamala kama 400,000, wengi wao wakitumia simu za kawaida, zile za kubonyeza nyota na reli bila intaneti. Baadaye shirika likajaribu daftari lake lenyewe, kisha likahamia Celo.

Angalia jambo moja hapo. Mama mboga wa Mukuru au Kinango hakulazimika kujifunza xDai ni nini, wala Celo ni nini. Alibonyeza namba, akachagua, akatuma. Mitambo ilibadilika chini kabisa, mlango wa mbele ukabaki wa simu ile ile. Kwangu mimi mtunzi wa programu, hilo ndilo somo la kwanza.

Somo la pili linatoka Celo yenyewe. Mtandao huo ulizinduliwa Aprili 2020, ukiwa na kundi la wathibitishaji walioandika kurasa kwa zamu, ukurasa mmoja kila sekunde 5. Tarehe 13 Julai 2022 ulisimama kwa karibu saa 24. Hakuna ukurasa uliokuwa ukiandikwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutuma wala kupokea. Kwa mchezaji wa soko la sarafu hiyo ni siku ya hasira. Kwa mtu anayetegemea sarafu hiyo kupata unga wa jioni, ni siku ya njaa.

Julai 2023 watengenezaji wa Celo, kampuni ya cLabs, walipendekeza mabadiliko makubwa: Celo iache kusimama peke yake, iegemee Ethereum, yaani iwe tabaka la pili juu ya mtandao mkubwa na imara zaidi. Hawakukimbilia. Walifanya majaribio kwenye mitandao ya mazoezi mwaka 2024 na tena Februari 2025. Tarehe 26 Machi 2025 ndiyo ikawa siku yenyewe.

Walifanyaje? Walikubaliana mapema juu ya namba ya ukurasa: 31,056,500. Kompyuta zote zilipofika hapo zilisimama. Programu maalumu ikageuza data ya daftari iwe katika mpangilio mpya, kisha mtandao ukaanza tena kutoka pale pale. Ndivyo afanyavyo mweka hazina mwaminifu daftari likijaa: anapiga mstari mbele ya wanachama, ananakili salio la kila mmoja kwenye daftari jipya, na lile la zamani analihifadhi likaguliwe. Anwani zilibaki zile zile, na historia ya zamani ikabaki. Ukurasa mpya sasa ukawa unatoka kila sekunde 1.

Je, hakuna gharama? Ipo. Kwenye utaratibu wa zamani wathibitishaji wengi walishika kalamu. Kwenye ule mpya, uliozinduliwa siku hiyo, kazi ya kupanga miamala ilikabidhiwa mpangaji mmoja, huku ulinzi wa mwisho ukitegemewa Ethereum. Kasi iliongezeka, kalamu ikapungua mikono. Anayekuambia kwamba uboreshaji ni faida tupu hajakueleza yote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukisikia mtandao wako wa pesa unaboreshwa, usiulize kasi pekee. Uliza mambo matatu: Salio langu linanakiliwaje, na nani anaweza kulikagua? Mitambo ikigoma katikati, kuna njia ya kurudi nyuma? Na baada ya kuhama, kalamu itakuwa mkononi mwa nani? Mwenye mtandao akikosa majibu ya hayo, mimi nashauri ungoje kwanza.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena panapo majaliwa.