Kitui na Makueni: Madini Yako Wapi, na Ganji Inaenda kwa Nani?

Ukisema Ukambani, wasee wengi wa Nai wanaona tu jua kali na mawe. Lakini hayo mawe ni mali. Na ile mali watu wanaidharau zaidi ndiyo inabebwa na malori kila siku. Cheki rada.

Mawe yametoka wapi?

Kaunti zote mbili zimekalia Ukanda wa Msumbiji, mwamba mzee sana. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yaligongana, mawe yakasukumwa chini, yakabanwa na kupikwa na joto. Ndio maana mawe mengi ya huko yana mistari ya nyeusi na nyeupe. Chokaa ya zamani nayo ikageuka marumaru.

Nini iko wapi?

Makaa ya mawe: Bonde la Mui, Kitui, kama kilomita 500 mraba. Limegawanywa vipande vinne, A hadi D. Serikali ilitangaza kama tani milioni 400 kwa kipande C peke yake. Kampuni ya China ilipewa C na D, lakini zaidi ya miaka 10 baadaye makaa bado yamelala chini.

Mawe ya chokaa: Kitui Kusini, pande za Mutomo, Ikutha na Kanziku. Hapa ndipo simiti huanzia.

Vemikulaiti: Kilima cha Kinyiki, karibu na Mtito Andei, Makueni. Ukiipasha moto inafura kama bisi. Inatumika kuzuia joto kwa majengo na kuchanganywa na udongo wa miche.

Mchanga: Mito ya msimu kama Kaiti na Thwake kule Makueni, Tiva na Nzeeu kule Kitui. Mwamba ukioza, mvua inaubeba hadi mtoni, na huo ndio mchanga wa mjengo wako.

Mbona mchanga ni noma?

Hesabu ni rahisi. Tuseme asilimia 30 ya mchanga ni nafasi kati ya chembe. Mita moja ya ujazo ina nafasi ya lita 300 za maji, yaani mitungi 15 ya lita 20. Lori la mita 10 likiondoka, mto umepoteza nafasi ya mitungi 150, na si mara moja tu: ni kila msimu wa mvua. Jua haliwezi kunyonya maji yaliyojificha chini ya mchanga haraka. Mchanga ukiisha, shosho anatembea mbali zaidi kuchota.

Ndio maana Makueni ilipitisha sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Wenyeji pia hujenga kuta za mawe na simiti mtoni ili mchanga ujikusanye tena.

Sasa ganji ni ya nani?

Hapa wengi huchomeka. Kuwa na title ya shamba si kumiliki madini. Katiba inasema madini ni mali ya umma. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale yanapochimbwa. Wewe mwenye shamba una haki ya kulipwa fidia ya ardhi na mali iliyoharibiwa.

So broker akija shags na maneno matamu, uliza leseni kwanza. Na kama ni mchanga, uliza pia hivi: mtoto wa hapa atachota maji wapi kiangazi kikija?