Injini Iliyozima Tabora, na Anga ya Singida

Macho ya wengi sasa yako Msalato, Dodoma, unakojengwa uwanja mkubwa wa kimataifa. Ni fahari yetu sote wa kanda ya kati. Ila historia ya anga letu ina kisa cha zamani, cha injini iliyokataa kazi hapo kwa jirani zetu, Tabora.

Tunayemtegemea kwa kisa hiki ni abiria, Peter Chalmers Mitchell, katibu wa Chama cha Zoolojia cha London, aliyekuwa akiliandikia gazeti la The Times. Tarehe 24 Januari 1920 aliondoka Brooklands, Uingereza, kwa ndege aina ya Vickers Vimy Commercial pamoja na marubani Stan Cockerell na Frank Broome na mafundi wawili. Walikuwa wakienda Cape Town, na gazeti lilitaka sifa ya kutangulia. Afrika Kusini nayo ilitaka sifa hiyo iende kwa vijana wake, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walioondoka tarehe 4 Februari na Vimy yao, Silver Queen. Yakawa mashindano.

Sudan iliwatesa akina Cockerell. Maji ya kupoozea injini yalivuja, wakalazimika kutua nyikani mara kwa mara, kuziba na kuruka tena. Tarehe 27 Februari, wakipaa Tabora, injini moja ikafa. Pale ni takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na mabawa hupungukiwa kani ya kuinua. Ndege ilianguka ikavunjika, wote watano wakanusurika. Wapinzani wao nao walipoteza Vimy mbili njiani, wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi na ndege ya tatu, DH.9. Kila mmoja alizawadiwa pauni 5,000.

Mwaka 1932 Imperial Airways ilianza kupita Moshi, Dodoma na Mbeya. Baadaye zikaja ndege ndogo za wamisionari, za madaktari, na za kunyunyizia dawa kwelea kwelea na nzige wekundu.

Mji wa Singida uko juu zaidi ya Tabora, kiasi cha mita 1,500. Hapo nguvu ya injini hupungua zaidi, hivyo rubani makini, kabla ya kuruka asubuhi, hukinga petroli kidogo toka kwenye tangi katika kikombe kinachoonyesha ndani, akatazama chini: maji, yakiwemo, hutuama kama shanga. Injini ikizima mara tu baada ya kupaa, hushusha pua na kutua mbele yake, hageuki kurudi uwanjani. Ikizima akiwa mita 1,000 juu ya ardhi, Cessna ya injini moja huweza kuelea kama kilomita 9 hivi. Juu ya mbuga ya Wembere wakati wa kiangazi, hizo zinatosha. Juu ya vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata mtu kupenya ni kazi, hazitoshi kama hakuna kiwanja karibu.

Kwa hiyo viwanja vidogo vya changarawe vya wilayani vipewe bajeti ya kufyekwa nyasi na kuzibwa mashimo kila mwaka, hata kama kwa wiki nzima haitui ndege.