Ufunguo wa Nakala Rudufu: Kuisoma Upya Kesi ya San Bernardino, 2016

Mnamo tarehe 16 Februari 2016, hakimu wa mahakama ya shirikisho huko California aliiamuru kampuni ya Apple kuisaidia FBI kufungua simu ya mmoja wa washambuliaji waliowaua watu 14 mjini San Bernardino Desemba 2015. Apple ilikataa. Kesi hiyo hukumbukwa kama mvutano kuhusu simu, lakini kumbukumbu hiyo inaacha nje sehemu muhimu zaidi: nakala rudufu.

Tangu Septemba 2014, programu endeshi ya iOS 8 ilikuwa imeufungamanisha ufunguo wa data na nambari ya siri ya mtumiaji, hata kampuni yenyewe ikawa haiwezi kuifungua simu. Nakala zilizohifadhiwa iCloud hazikuwa hivyo. Zilisimbwa, ila funguo zake zilibaki mikononi mwa Apple. Ndiyo maana kampuni iliwakabidhi wapelelezi nakala zilizokuwapo bila mzozo. Ya mwisho ilikuwa ya tarehe 19 Oktoba 2015, zaidi ya wiki sita kabla ya shambulio. Pengo hilo ndilo lililozaa kesi. Nalo huenda lingezibwa: simu ingeweza kutuma nakala mpya yenyewe endapo ingeunganishwa na mtandao ilioufahamu, lakini nywila ya akaunti ilikuwa imebadilishwa na maofisa wa kaunti kwa ombi la FBI. Mkurugenzi wa FBI, James Comey, alikiri mbele ya Bunge kwamba hilo lilikuwa kosa.

Tarehe 28 Machi serikali iliondoa ombi lake baada ya kupata msaada kwingine. Mahakama haikuamua chochote kuhusu msingi wa suala.

Mwaka 1993, serikali ya Clinton ilikuwa imependekeza chipu ya Clipper, ambayo funguo zake zingewekwa amana kwa taasisi mbili za serikali. Umma uliipinga, ikafa. Nakala rudufu zilileta amana ya namna hiyo kwa mlango wa nyuma, safari hii mikononi mwa kampuni binafsi, na watumiaji waliipokea kwa hiari. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi: anayesahau nywila hutaka kuwe na mtu wa kumrudishia picha za wanawe.

Desemba 2022 Apple ilianza kuwapa watumiaji, kwa hiari yao, ulinzi unaouondoa ufunguo huo kwenye seva zake; aliyeuchagua alibeba mwenyewe hatari ya kupoteza kila kitu. Nchini Uingereza, ambako sheria ya mwaka 2016 inairuhusu serikali kuzipa kampuni amri za siri, ulinzi huo uliondolewa kwa watumiaji wapya tarehe 21 Februari 2025, wiki mbili baada ya magazeti kufichua amri ya aina hiyo. Simu za Waingereza zilibaki zimefungwa kama zamani. Kilichobadilika ni mshika ufunguo wa nakala zao.