Kilio Kinachosikika Vichochoroni



Wapendwa waamini, kila tarehe 27 Agosti tunamkumbuka Mtakatifu Monika, msimamizi mpendwa wa kina mama wetu. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, anasimulia katika kitabu cha tisa cha Maungamo kwamba wanawake wengi waliomzunguka mamaye walikuwa na alama za vipigo nyusoni. Monika aliwaasa waihesabu hati ya ndoa kuwa hati iliyowafanya watumwa. Sisi mapadre tumelihubiri jambo hilo kama fadhila ya uvumilivu. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mama mmoja aliyevimba jicho, “Vumilia, mama, huo ndio msalaba wako.” Nilikosa.

Hapa Unguja hati ya utumwa si lugha ya mafumbo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Amri ya Sultani ya mwaka 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini iliwabakiza masuria mahali walipokuwa, wakihesabiwa kama wake wa nyumbani. Suria aliyetaka kutoka alipaswa kuthibitisha mbele ya mahakama kwamba alitendewa ukatili. Walingoja miaka 12, hadi 1909. Kanisa letu Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa miaka hiyohiyo, hatua chache kutoka kwenye nyumba hizo.

Laiti tungalimsoma zaidi Mtakatifu Yohane Krisostomo! Akiwa padre huko Antiokia, mwishoni mwa karne ya nne, alihubiri juu ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, akawaambia wanaume waziwazi kwamba ni aibu hata kumpiga mjakazi, sembuse mke. Alieleza jinsi kilio kinavyopita vichochoroni, majirani na wapita njia wakikimbilia nyumba ile. Ungedhani alikaa Shangani au Malindi! Kweli, naye aliwaasa wake wavumilie, ila aliongeza upesi kwamba hakusema hivyo ili wapigwe.

Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema kwamba mwenzi anayemhatarisha vikubwa mwenzake au watoto, kiroho au kimwili, anampa sababu halali ya kutengana naye. Penye hatari ya kuchelewa, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nilimsomea mama yule kanuni hiyo mwezi mmoja baadaye. Akaniuliza, “Baba Paroko, siku ile hukuijua?”

Niliijua.