Walioshindana Mieleka na Kibo

Laiti mtu mwenye habari nyingi angalikuwako Marangu mwishoni mwa Septemba, mwaka 1889, akaulizwa ni nani miongoni mwa waliopata kukijaribu kilele cha Kibo aliyestahili kutumainiwa ushindi, asingalijibu kwa haraka. Katika mieleka hukumu ya namna hiyo ni nyepesi. Watazamaji hupima vifua, mikono na miguu ya washindani kabla ngoma haijalia, na kila mmoja hupambanishwa na wa uzani wake. Kibo haikuwa na wa uzani wake. Muda wa miaka mingi ilikuwa imewabwaga wote walioisogelea, wanene kwa wembamba, na kila aliyebwagwa alirudi pwani na hesabu ya futi alizofika, kana kwamba futi ndizo zilizokuwa zikigombewa.

Hesabu hiyo ya futi imeandikwa katika vitabu vingi, nayo hudanganya. Anayeisoma peke yake hudhani kwamba kila mshindani alipanda mahali pa mwenzake na kuongeza hatua chache, mpaka wa mwisho akagusa ncha. Mambo hayakwenda hivyo. Mlima huo ulishindaniwa kwanza katika nyua za Mamangi, kisha katika mizigo ya wapagazi, na baadaye kabisa katika barafu.

Washindani wa kwanza hawakutoka Ulaya. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alipokuwa Uchagani alisimuliwa kwamba Mangi Rengua wa Machame alipata kutuma kundi la watu wakatazame kile kitu cheupe kilicho juu ya mlima. Wengi walikufa kwa baridi. Aliyesalia, mtu aitwaye Sabaya, alirudi mikono na miguu yake imeharibika. Yeye ndiye mpanda Kibo wa zamani kuliko wote ambaye jina lake limetufikia, na kuanguka kwake kulikuwa na maana kubwa kuliko kwa wengi waliomfuata, kwa sababu watu wa miteremkoni waliweka habari hiyo akilini. Mgeni aliyekuja baadaye na kukuta waelekezi wake wakisita penye mpaka wa msitu aliandika kwamba waliogopa mashetani. Yamkini wengine waliyaogopa. Walakini mtu aliyeona vidole vilivyokatika hana haja ya shetani ili aogope baridi.

Rebmann mwenyewe hakupanda. Tarehe 11 Mei, 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima, na alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, alijibiwa kuwa ni baridi. Jibu hilo lilikuwa sahihi kupita yote yaliyosemwa Ulaya kwa muda wa miaka zaidi ya kumi. Mwanajiografia mmoja wa London, W. D. Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na wengi wakamsadiki.

Aliyekuja kuukata ubishi huo alikuwa Karl Klaus von der Decken, Mjerumani mwenye mali. Mwaka 1861 alipanda pamoja na Richard Thornton, mjuzi wa mawe, mvua ikawarudisha wakiwa bado katika msitu. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakafika kiasi cha futi 14,000, na usiku theluji ikawaangukia. Kwa mizani ya siku zile alikuwa mshindani wa haki: alikuwa na fedha, vyombo vya kupimia, na moyo wa kurudia jambo lililomshinda. Kilichompungukia ni mahali pa kulala palipo juu. Kila mara alipanda na kushuka kwa safari moja, na mlima wa namna ile haumalizwi kwa safari moja. Mwaka 1865 aliuawa Bardera, katika mto Juba, akiwa katika utafiti mwingine.

Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, hakuwa na fedha wala vyombo vya kutajwa. Mwaka 1871 alifika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Moshi ya siku zile si mji wa leo ulio bondeni karibu na reli. Ilikuwa huko juu migombani, mahali paitwapo sasa Old Moshi, na anayepatazama huona mara moja kwa nini Rindi alijiona bawabu wa mlima wote. New alipewa ruhusa na watu. Watu wa mlimani walipochoka kwa baridi, aliendelea na kijana wake Tofiki, na mwisho akaigusa theluji kwa mkono wake, ambalo lilikuwa jambo jipya kwa Mzungu katika mlima huu. Hakufika kileleni wala hakudai hivyo. Kwa unyofu huo anastahili heshima kuliko wengine waliodai zaidi.

Lakini habari ya New haikuisha hapo, na sehemu yake ya pili ndiyo yenye mafunzo kwa mwanahistoria. Alirudi kwa Rindi mwishoni mwa 1874, akidhani kuwa mlango uliofunguliwa mara moja umefunguliwa daima. Rindi alimnyang'anya mali yake. New akageuka kurudi pwani, mgonjwa na mikono mitupu, akafa njiani mwaka 1875. Waandishi wa Kiingereza walimlaumu Rindi kwa uroho, wala si rahisi kumtetea. Hata hivyo inafaa kukumbuka hali yake: alikuwa na maadui pande zote, kila bunduki na kila jora la nguo lilikuwa na thamani ya askari, na mgeni aliyetaka kutembea katika nchi yake bila kuongeza nguvu yake alikuwa mzigo. Tangu siku ile kila aliyewaza Kibo alijua kwamba kuna mpinzani mwingine kabla ya barafu.

Harry Johnston alijifunza jambo hilo kwa shida. Alikuja mwaka 1884 akitumwa na vyama vya elimu vya Uingereza kukusanya mimea na wanyama, akakaa miezi katika nchi ya Rindi, ambaye alikuwa na uadui mkali na Sina wa Kibosho. Kwa watu wa Moshi, kupanda mlimani kulikuwa na hatari mbili, baridi mbele na mashujaa wa Kibosho ubavuni. Johnston alikuwa mwembamba, mdogo wa umbo, mwenye akili nyepesi na kalamu nyepesi zaidi. Alipopanda kwa upande mwingine, wapagazi wake walikataa kwenda mbele, akaendelea peke yake na kutangaza kwamba amefika futi 16,315. Waliomfuata waliitilia shaka hesabu hiyo. Hata ikikubaliwa, yaonyesha tu jinsi mtu mmoja awezavyo kutangulia mbali na kuachwa bila chakula wala kivuli cha hema.

Wa kumfuata alikuwa kinyume chake katika kila jambo. Sámuel Teleki, mtu wa ukoo mkubwa kutoka Transylvania, alikuja mwaka 1887 na Ludwig von Höhnel akiwa na msafara mkubwa sana. Lau washindani wangalipangwa kwa uzani, Teleki angalikuwa wa daraja la juu peke yake, kwani alianza safari akiwa na kilo zaidi ya 100. Alipanda mwezi wa Juni mpaka kiasi cha futi 15,800. Hapo pumzi ikamsaliti: usingizi ulimlemea na midomo ikapasuka. Akashuka bila manung'uniko, kisha akaenda kaskazini na kufika katika ziwa ambalo leo linaitwa Turkana. Kwake mlima ulikuwa jambo la njiani, na asiyeuweka mbele ya mambo yote haukumpa kitu.

Mwaka huo huo wa 1887 ndipo alipoingia Hans Meyer, kijana wa Leipzig wa miaka 29, wa ukoo wa wachapaji wa vitabu vya elimu. Alijitenga na wengine tangu mwanzo kwa jambo moja: alitua Marangu, kwa Mangi Marealle. Marealle alikuwa kijana, na nchi yake ilikuwa dhaifu kuliko Moshi na Kibosho. Mgeni mwenye nguvu kwake hakuwa mzigo bali ngao. Rindi aliwatoza wageni kwa sababu aliweza. Marealle aliwakaribisha kwa sababu alihitaji kufanya hivyo, naye alikuwa hodari wa kuyatambua mahitaji yake. Kwa njia ya Marangu, Meyer na mwenziwe von Eberstein walipita msitu, wakavuka uwanda ulio kati ya Mawenzi na Kibo, wakapanda. Eberstein alichoka. Meyer alifika chini ya ukuta wa barafu, akauona hauna mlango, akarudi kwa kukosa zana.

Jaribio lake la pili halikuuona hata mlima. Mwaka 1888 aliondoka Pangani pamoja na Oscar Baumann, wakafika Usambara, na vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vikawaka nyuma yao. Walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakaachiliwa kwa fedha nyingi. Watu wa pwani walikuwa na haki yao ya kupigania nchi, na Meyer alikuwa wa taifa lile lile lililokuwa likiwanyang'anya. Kwa hiyo yasifaa kusema kwamba bahati mbaya ilimpata. Ilimpata siasa.

Mwaka huo huo Otto Ehlers alikwea Kibo pamoja na Mmarekani, William Abbott. Abbott aliishia njiani. Ehlers alitangaza kwamba amefika juu. Meyer aliyakana madai hayo, na hayakusimama.

Hivyo basi, katika Septemba ile ya 1889, orodha ilikuwa hii: Johnston hayupo, Teleki hana haja tena, Ehlers hasadikiwi, na Meyer ameshabwagwa mara mbili. Mara hii alikuja kwa njia ya Mombasa, na pamoja naye Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, ambaye alikuwa bingwa wa milima ya Alps. Huyu ndiye mwanamieleka wa kweli katika habari hii. Meyer alikuwa na nia na fedha. Purtscheller alikuwa na miguu, mapafu na ujuzi wa kukata ngazi katika barafu kwa shoka.

Lakini waliomtangulia walikuwa na miguu pia. Tofauti ilikuwa katika mpango wa chakula. Meyer aliwagawa watu wake: wengi walibaki Marangu kwa Marealle, wachache walikaa katika kambi iliyo penye mwisho wa msitu, na juu zaidi, katika uwanda wa mawe penye futi zaidi ya 14,000, iliwekwa hema ndogo. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda na chakula na kushuka. Mlima uliowashinda watu kwa njaa na haraka sasa ulizingirwa, kama ngome.

Katika hema ile ya juu walikaa watatu. Wa tatu alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Alizaliwa penye minazi na joto la bahari, na huko juu maji yaliganda kila usiku. Wazungu walipokwenda barafuni yeye alibaki peke yake, akilinda moto na vyombo, bila kujua kama watarudi. Meyer alimsifu katika kitabu chake, lakini kwa sifa apewazo mtumishi. Ikiwa ushindi ni kustahimili mahali wengine waliposhindwa, basi Mwini Amani, aliyevumilia siku na siku penye mwinuko uliowarudisha wengi kwa siku moja, hana budi kuhesabiwa miongoni mwa washindani.

Tarehe 3 Oktoba, Meyer na Purtscheller walikata ngazi katika barafu, wakafika ukingoni na kuliona shimo kubwa la Kibo, ambalo hakuna mgeni aliyekuwa amelieleza. Waliona pia kwamba ncha ya juu ipo mbali kidogo upande wa kusini, na jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Wakarudi. Hapo ndipo mpango wa chakula ulipolipa: wengine wote waliorudi walirudi pwani, bali hawa walirudi hemani, wakala, wakapumzika, na tarehe 6 wakapanda tena kwa ngazi zile zile ambazo zilikuwa bado hazijayeyuka. Kabla ya adhuhuri walikuwa kileleni. Purtscheller alitimiza miaka 40 siku hiyo hiyo. Meyer akaweka bendera, akakipa kilele jina la Kaisari Wilhelm, akachukua jiwe, nalo likaja kuwekwa katika jumba la mfalme huko Potsdam. Siku chache baadaye Mawenzi, ambayo ni fupi, iliwabwaga wote wawili.

Malipo ya Marangu yalikuja pole pole. Marealle alipanda cheo chini ya Wajerumani. Rindi alikufa mwaka 1891, na mwanawe Meli akanyongwa Moshi mwezi wa Machi, 1900. Jina la Kaisari liliondolewa kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge wa Tanganyika, na kilele kikaitwa Uhuru.

Mwaka 1989, zilipoadhimishwa sherehe za miaka 100, watu wa Marangu walimtoa mzee wao, Yohani Kinyala Lauwo, wakisema kwamba ndiye kijana aliyewaongoza wageni wale. Umri wake ulikadiriwa kupita miaka 110. Wapo wanaobishana kama ilikuwa safari ile au nyingine ya baadaye. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilimpa nyumba Ashira, naye akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1996. Mwini Amani hakupewa nyumba.