Kisiwa cha Idjwi na Watu wa Pande Zote za Ziwa



Mtu akisimama asubuhi juu ya mteremko wa Muhumba, siku ambayo ukungu umeondoka mapema, huona mbali upande wa kaskazini mgongo mrefu wa milima unaotoka ndani ya maji. Hicho ndicho kisiwa cha Idjwi, au Ijwi kama wenyewe wanavyotamka. Wengi wetu wa mjini tumekiona tangu utoto wetu bila kukanyaga udongo wake. Tunakijua kwa mananasi, kwa ndizi na kwa kelele za akina mama wanaoshuka kutoka botini pale Muhanzi, basi.

Huenda msomaji atauliza: kitabu cha jubilei ya parokia ya mjini kina shauri gani na kisiwa? Jibu si gumu. Katika mashirika yetu karibu yote wamo waamini waliozaliwa kule, ama wazazi wao. Watu hao wameimba, wamejenga na wamezika wafu pamoja nasi miaka hii yote, na mara nyingi tumewaita tu «watu wa kisiwa», kana kwamba wametoka mahali pasipo na habari. Tunapohesabu miaka ya parokia, yafaa tuhesabu pia njia waliyopitia wale waliokuja kuijaza.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kisiwa kina urefu wa kilomita zipatazo 40 kutoka kaskazini hadi kusini, na kati ya visiwa vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika kinachokishinda kwa ukubwa ni Ukerewe, katika ziwa Victoria. Hata hivyo mtu akiwa juu yake hujisikia yuko mahali padogo, kwa sababu kila njia inapanda, kisha inashuka, kisha inakutana na maji. Ziwa liko mita 1.460 juu ya bahari, na vilele vya kisiwa vinapita mita 2.000. Kina cha Kivu kinafika mita 485, na chini kabisa yamelala maji mazito yenye gesi nyingi, ile inayowaka na ile inayoua pumzi.

Ng'ambo ya Rwanda husimulia kwamba ziwa hili lilitoka kwa mwanamke aitwaye Nyiransibura. Namna alivyolijaza haifai kuandikwa katika kitabu cha parokia. Muulizeni mzee yeyote, atacheka kwanza. Wataalamu wa mawe nao wana hadithi yao. Wanasema kwamba zamani sana maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, kuelekea ziwa Edouard na mto Nili. Kisha volkano za Virunga zikazuka na kuziba njia. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, na miaka kama 10.000 iliyopita yakatoboa upande wa kusini, hapa kwetu, yakawa mto Ruzizi unaoshuka hadi Tanganyika. Idjwi ni kipande cha mawe ya kale sana kilichobaki kimesimama wakati ardhi ya kulia na ya kushoto ilipozama. Hakikuzaliwa na moto, tofauti na kisiwa kidogo cha Tshegera karibu na Goma, ambacho ni ukingo wa volkano uliojikunja kama kiatu cha farasi.

Katika ziwa hili hamna mamba wala kiboko, jambo ambalo wageni kutoka Uvira hushangaa kulisikia. Yumo fisi-maji, wamo mnandi na mdiria, na mwewe huzunguka juu ya kila bandari akitafuta matumbo ya samaki. Samaki wa asili walikuwa wachache, aina zisizofika 30, na nyingi kati yake hazipatikani popote pengine duniani. Wale sambaza tunaokula na bugali si wenyeji. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakiwa vitoto vya samaki, wakatupwa ziwani ili wale chakula kilichokuwa kinaelea bila mlaji. Miaka kadhaa watu walidhani kazi imepotea. Leo mtu akitazama ziwa usiku, taa za ekipe, ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, zinafanana na mji uliojengwa juu ya maji, na uimbaji wa wavuvi unafika hadi nchi kavu.

Msitu ndio uliokuwa utajiri mkubwa wa kisiwa. Uliitwa Nyamusisi, na ulifunika migongo ya juu. Ndani yake anaishi kima mmoja wa aina yake, ambaye wataalamu walimpa jina la Schouteden, mwanazuoni wa Ubelgiji; anajulikana hasa Idjwi na katika kisiwa kidogo cha Shushu. Nitaurudia msitu huu, kwa sababu habari yake haijaisha.

Sasa tuje kwa watu. Tumezoea kuandika historia ya nchi zetu kwa kuanza na Bami: fulani alimzaa fulani, fulani alimshinda fulani. Kwa Idjwi mwendo huo unapotosha. Mwanahistoria David Newbury, Mmarekani, aliyekaa kisiwani katika miaka ya 1970 akiwasikiliza wazee wa kila ukoo, alitoa mwaka 1991 kitabu kikubwa juu ya jambo hili, na alichokionyesha ni kwamba ufalme ulifika nyuma ya watu. Kabla ya mwaka 1800 kisiwa kilikuwa na wakaaji tayari. Wa kwanza walikuwa Batwa, ambao wengine huwaita Bambuti, watu wa msitu. Kisha wakaja wengine kwa mitumbwi, jamaa baada ya jamaa: hawa kutoka magharibi, Buhavu na nchi za jirani, wale kutoka mashariki, sehemu ambazo leo ni Rwanda. Wengine walikimbia njaa, wengine ugomvi, wengine walitafuta tu shamba. Hawakuwa na jina moja. Walipokaa pamoja juu ya milima ile ile, wakioana na kushitakiana, ndipo polepole wakawa Banyakabwa, Banyambiriri, Beru, Baloho na wengineo, koo ambazo kila moja ilijua mahali pake mbele ya nyingine.

Ndipo akafika Mwendanga, mtu wa Basibula, ukoo ambao jamaa zake wengine walitawala upande wa Buhavu. Ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 19. Akawa Mwami wa Idjwi, na mwanawe Kabego akamfuata. Lakini ufalme huo ulihitaji koo zilizoutangulia. Hilo lilionekana wazi katika Muganuro, sherehe ya malimbuko ya mtama na ulezi. Mwami hakuweza kuifanya peke yake: kazi hii ilikuwa ya ukoo huu, na ile ya ukoo mwingine, na mmoja akikosekana sherehe imeharibika. Wakristu tunaosoma katika Kumbukumbu la Sheria habari za kikapu cha malimbuko hatuwezi kuona jambo hilo kuwa geni. Wamisionari wa kwanza wa nchi zetu mara nyingi waliona katika sherehe za namna hiyo upagani mtupu. Kwa maoni yangu waliharakisha.

Maji hayakukizuia kisiwa kufikiwa na vita. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alikuja na majeshi yake katika mitumbwi, akamshinda Kabego, naye Kabego akauawa. Wazee wanasimulia kwa uchungu kwamba mmoja wa wana wa Kabego, Nkundiye, aliungana na mgeni, na baadaye akakosana naye, akafa vilevile. Rwabugiri alipenda kisiwa hata akawa na makao yake huko, na kwa miaka mingi Idjwi ilikuwa chini ya mkono wa Rwanda. Alipofariki mwaka 1895 mkono huo ulilegea, na Mihigo, wa nyumba ya Kabego, akarudisha ufalme wa baba zake.

Hakupata muda mrefu wa kupumzika. Mwaka mmoja kabla ya kifo cha Rwabugiri, bwana von Götzen, Mdachi, alikuwa amefika Kivu, Mzungu wa kwanza kuliandika ziwa hili. Tangu hapo Wadachi na watu wa mfalme Léopold waligombania mpaka, na shauri hilo liliamuliwa Ulaya mwaka 1910. Mstari ulipitishwa ndani ya maji mashariki ya Idjwi: kisiwa kwa Wabeleji, Rwanda kwa Wadachi. Kisiwa cha Nkombo kikaangukia Rwanda, ingawa watu wake hata leo wanasema lugha iliyo ndugu ya Kihavu. Hakuna aliyewauliza wavuvi, ambao walikuwa wakivuka maji hayo kwenda kuoa na kuzika. Vita vya Wazungu vilipowaka, Wadachi waliteka Idjwi katika Septemba 1914, wakakikalia hadi Wabeleji walipowafukuza mwaka 1916. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa karibu na mwaka 1890 aliona kisiwani mwake utawala wa Rwabugiri, wa Mihigo, wa Wadachi na wa Wabeleji, bila kuhama nyumba yake.

Wabeleji waliongoza kisiwa wakikiunganisha na Kalehe. Siku hizi Idjwi ni teritwari peke yake, makao yake Bugarula, na ina usultani wa pande mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Wakati mji wetu ulipoitwa bado Costermansville, wakoloni walichukua huko mashamba mapana ya kahawa na ya kinkina, mti ambao gome lake linatoa dawa ya kinini. Wagonjwa wa malaria wa mbali walipona kwa jasho la kisiwa hiki.

Kahawa ilibaki baada ya wakoloni kuondoka, nayo ina habari ya huzuni inayowahusu wengi wanaosali pamoja nasi. Bei ya upande wetu ilipoanguka, wanaume wa Idjwi walianza kuivusha usiku kwenda Rwanda, magunia yamejaa katika mitumbwi, bila taa, ili wasionekane na walinzi. Ziwa Kivu usiku lina upepo unaoinuka ghafula. Ni wangapi waliozama haijulikani kwa hesabu, lakini kuna vijiji ambamo mtu akisema «mjane wa kahawa» haulizwi maana yake. Katika miaka ya 2010 vyama vya ushirika vilianza kuosha kahawa na kuiuza kwa njia ya halali, na wajane wengi ni wanachama wake. Jambo hilo limepunguza safari za usiku. Halikuwarudisha waume.

Vita vya 1996 na 1998, ambavyo vilituumiza mjini kiasi ambacho hatuhitaji kukumbushwa, havikukiharibu kisiwa kwa namna ile ile. Wageni walianza kukisifu kwa amani yake na kukiita «kisiwa kilichosahauliwa». Nadhani sifa hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba bunduki zilisikika kidogo. Lakini mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka na kushuka katika vijiji ambavyo tayari vilibanana, na watu wa kisiwa wakagawana nao mihogo na maharagi, kama mababu wa koo zao walivyofanya kwa kila mtumbwi uliofika. Anayewaita watu hao waliosahauliwa anasema habari za masahau yake mwenyewe.

Nilisema nitarudi msituni. Watu waliongezeka, mashamba yakapanda mlima, na Nyamusisi ikapungua mwaka hata mwaka, hata leo imebaki mabaki tu. Batwa, waliokuwa wakiishi ndani yake kwa uwindaji na asali, waliondolewa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wengi wao walikuwa wamekwisha kutolewa msituni bila kupewa shamba badala yake. Katika mila za falme nyingi za kando ya ziwa, Mutwa alikuwa na nafasi yake siku ya kutawazwa kwa Mwami, ishara kwamba nchi ilikuwa na mwenyewe kabla ya mfalme. Siku hizi wanakaa pembezoni, hasa karibu na maji, juu ya ardhi ambayo mwenyewe anaweza kuwaondoa wakati wowote. Watoto wao wanafika shuleni kwa shida, na katika makanisa ya kisiwa wapo wakristu wanaokataa kunywa katika kikombe kilichoguswa na Mutwa, kisha wanapanga mstari kupokea Komunyo.

Historia ya kisiwa inapoandikwa kwa kufuata Bami, hawa hawapo. Inapoandikwa kwa kufuata koo, wanatajwa kwa mstari mmoja, kama nilivyofanya mimi hapo juu. Wakulima wanawahitaji kwa kulima na kubeba mizigo, na kwa ufinyanzi, kazi wanayoijua kuliko wengine. Mitungi yao inauzwa katika masoko ya kisiwa, karibu na mananasi yale yanayoletwa kwetu Muhanzi. Bei ya mtungi haifiki bei ya hatua moja ya shamba.